Jinsi ya Kuzuru Makaburi ya Wafalme wa Ming kwa Ziara ya Siku Moja kutoka Beijing

Makaburi ya wafalme wa ukoo wa Ming, ambayo Wachina huyaita Shisanling, yapo katika wilaya ya Changping, takriban kilomita 50 kaskazini mwa katikati ya jiji la Beijing. Kwa umbali huo mtu huweza kuondoka asubuhi na kurudi jioni bila kulala njiani, na ndiyo maana mawakala wengi wa safari mjini humo huuza ziara ya siku moja inayopita hapo. Hata hivyo, ziara nyingi huyafanya makaburi haya kuwa kituo cha kupumzikia tu katika safari ya kwenda kwenye Ukuta Mkuu: wageni hushushwa kwenye basi, huteremshwa ngazi hadi vyumba vya chini ya ardhi, hupiga picha mbili tatu, kisha hupelekwa dukani. Anayetoka hapo kwa mtindo huo husema kwamba hakuona kitu, na kwa kweli hakuonyeshwa.

Ukoo wa Ming ulitawala kuanzia mwaka 1368 hadi 1644 na ulikuwa na wafalme 16, lakini ni 13 tu waliozikwa katika bonde hili. Mwanzilishi wa ukoo alizikwa Nanjing, uliokuwa mji mkuu wakati huo. Mjukuu wake aliyemrithi alipinduliwa na ami yake na hakuonekana tena. Wa tatu kati ya wasiozikwa hapa, Jingtai, alizikwa kwingine, upande wa magharibi wa Beijing, kwa sababu kaka yake aliporejea madarakani alimnyima heshima ya kulala pamoja na wafalme wenzake. Yule ami aliyempindua mwana wa kaka yake ndiye Yongle, aliyehamishia mji mkuu Beijing, akajenga jumba la kifalme linalotembelewa na watu wengi hadi leo, na akaanza kujichimbia kaburi hapa mwaka 1409, akiwa bado na miaka 15 ya kuishi. Ukimwelewa Yongle, safari nzima inakuwa na mshipi wa kuifunga.

Kuchagua ziara

Kuna aina mbili kuu za ziara. Ya kwanza ni ya basi la watu wengi, yenye bei nafuu, ratiba isiyobadilika na mwongozaji mmoja mwenye bendera ndogo mkononi. Ya pili ni ya gari dogo lenye dereva na mwongozaji wa kikundi chako peke yenu, ambayo hugharimu zaidi, ila mkiwa watu wanne au watano mkachangiana, tofauti ya bei hupungua sana na mnapata uhuru wa kukaa mahali mnapotaka. Kwa familia yenye wazee au watoto ningeshauri hiyo ya pili bila kusita.

Kabla ya kulipa, muulize wakala maswali yafuatayo kwa maandishi, na usiridhike na jibu la jumla. Je, ratiba inajumuisha makaburi yapi kwa majina? Je, mtatembea kwa miguu katika njia ya sanamu za mawe au mtaipita kwa gari? Je, viingilio vyote vimo katika bei? Mtakaa makaburini kwa muda gani, mbali na muda wa barabarani? Na mwisho, ambalo ndilo muhimu kuliko yote: mtapelekwa katika maduka mangapi?

Swali hilo la mwisho lina sababu yake. Ziara ambayo bei yake haitoshi hata kulipia mafuta na viingilio lazima ipate fedha mahali pengine, nayo huzipata kwa kamisheni ya maduka. Katika barabara ya kwenda Changping na Ukuta Mkuu, vituo vya kawaida ni kiwanda cha mapambo ya jedi, yaani jiwe la thamani lenye rangi ya kijani, duka la hariri, nyumba ya chai, na zahanati ya tiba ya asili ambako mtu aliyevaa koti jeupe hukushika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, kisha akakuandikia dawa za bei kubwa kwa ugonjwa ambao hukujua kuwa unao. Hakuna sheria inayokulazimisha kununua. Unaweza kushukuru kwa adabu na kusubiri nje, lakini muda uliopotea humo haurudi, na kwa kawaida hukatwa kutoka katika muda wa makaburi. Tafuta ziara inayotangaza wazi kuwa haina kituo cha duka, na uhakikishe kuwa ahadi hiyo imeandikwa katika uthibitisho wa malipo.

Kuhusu kuunganisha makaburi na Ukuta Mkuu katika siku moja, inawezekana, na wengi hufanya hivyo kwa kupitia Badaling, sehemu mojawapo ya Ukuta huo, ambako barabara ni ile ile. Maoni yangu ni kwamba mwenye siku tatu au nne Beijing avitenganishe. Ukuta huchosha miguu, na mtu aliyechoka hasikilizi historia. Kama huna budi kuviunganisha, omba makaburi yatangulie asubuhi.

Maandalizi

Beba pasipoti yenyewe wala si nakala, kwa kuwa tiketi za maeneo ya kihistoria nchini China huandikishwa kwa jina na namba ya hati ya kusafiria. Malipo mengi hufanywa kwa simu kupitia Alipay au WeChat, na programu hizo siku hizi hupokea kadi za benki za nje, hivyo ziunganishe na kadi yako ukiwa bado nyumbani au hotelini, mahali penye mtandao mzuri. Kumbuka pia kwamba WhatsApp na huduma za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Mwongozaji atakutafuta kwa WeChat, basi muungane siku moja kabla, na uhifadhi katika simu jina la hoteli yako kwa herufi za Kichina ili uweze kumwonyesha dereva wa teksi endapo mtapotezana.

Miezi mizuri ni Aprili na Mei, halafu Septemba na Oktoba, isipokuwa wiki ya kwanza ya Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa na nusu ya nchi huwa barabarani. Julai na Agosti kuna joto la unyevu na mvua kubwa. Wakati wa baridi, hasa Januari, kipimo huweza kushuka chini ya sifuri hata mchana, na mtu aliyezoea hali ya hewa ya Mombasa au Dar es Salaam anapaswa kuvaa nguo za ndani za sufu, glavu na kofia ya kufunika masikio. Ila yule anayestahimili baridi hulipwa kwa utulivu, maana wageni huwa wachache.

Viatu viwe vya kutembelea. Beba karatasi za chooni, kwa sababu vyoo vya maeneo ya utalii mara nyingi havina, na maji ya kunywa. Msafiri Mwislamu amwambie wakala mapema kwamba anahitaji chakula halali. Neno la kutumia ni qingzhen, ambalo huandikwa mbele ya migahawa ya Waislamu kote China, lakini mgahawa ambao kikundi kizima hupelekwa kula chakula cha mchana kwa kawaida si wa aina hiyo, kwa hiyo kufunga chakula chako mwenyewe ni salama zaidi.

Anza na njia ya sanamu

Makaburi haya yalipangwa kama mji mmoja wa wafu wenye lango moja na barabara moja kuu, iitwayo Shendao, yaani Njia ya Roho. Barabara hiyo ina urefu wa takriban kilomita saba kutoka lango la mawe lililojengwa mwaka 1540 hadi kaburi la Yongle, na ndiko jeneza la mfalme lilikopitishwa. Sehemu yenye sanamu, ambayo mgeni hutembea kwa miguu, ni kama kilomita moja tu. Mwombe mwongozaji awashushe upande wa kusini na gari liwasubiri upande wa kaskazini, ili muende kuelekea milimani kama msafara wa mazishi ulivyokwenda. Madereva wengine hupenda kinyume chake kwa sababu ya maegesho, lakini ukianzia mwisho, mpangilio wote unakosa maana.

Kabla ya kuanza kutembea, tazama upeo wa macho. Milima imelizunguka bonde kwa pande tatu na kuliacha wazi kusini, na penye uwazi huo kuna vilima viwili, kimoja kikiitwa joka na kingine chui milia, vinavyosimama kama mabawabu. Wataalamu wa fengshui, elimu ya Kichina ya kuchagua mahali penye baraka, walimchagulia Yongle mahali hapa kwa sababu waliamini kuwa milima ya kaskazini huzuia pepo mbaya na maji yanayotiririka mbele ya makaburi huhifadhi nguvu njema.

Kwanza utafika kwenye jumba lenye bamba kubwa la jiwe lililobebwa na kobe wa mawe. Maneno yaliyochongwa humo yalitungwa na Hongxi, mwana wa Yongle, kumsifu baba yake, na nyuma yake kuna shairi lililoongezwa baadaye na Qianlong, mfalme wa ukoo wa Qing ulioipokea China baada ya Ming. Kisha zinafuata sanamu 36, jozi 18: wanyama 24 na watu 12. Wanyama ni wa aina sita, kila aina ina wanne, wawili wamesimama na wawili wameketi au wamepiga magoti: simba, xiezhi anayesemekana kutambua mwongo na mkweli, ngamia, tembo, qilin na farasi. Baada yao wanasimama majemadari, maofisa wa serikali na watu waliotunukiwa kwa utumishi wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki asimame kidogo mbele ya qilin. Huyu ni mnyama wa hadithi ambaye, kwa imani ya Wachina wa kale, huonekana duniani pale tu mfalme mwadilifu anapotawala. Mwaka 1414 Yongle aliletewa twiga kutoka Bengali, na mwaka uliofuata wajumbe wa nchi ambayo kumbukumbu za Ming huiita Malin, inayotambuliwa na wanahistoria wengi kuwa ni Malindi, wakamletea mwingine. Watu wa ikulu walimpokea twiga kuwa ndiye qilin. Ilikuwa tafsiri yenye faida kwa mfalme aliyenyakua kiti cha mwana wa kaka yake na aliyehitaji mno kuonekana mwadilifu. Meli za amiri wake Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki katika miaka hiyo, na mwaka 2013 wanaakiolojia walitangaza kwamba wamepata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu iliyotengenezwa katika utawala wa Yongle. Sanamu za njia hii zilichongwa mwaka 1435, miaka 20 tu baada ya twiga wa Malin kuwasili, na bado mchongaji alimchonga qilin wa vitabuni, asiye na shingo ndefu hata kidogo. Ama hakumwona twiga, ama alimwona na hakushawishika. Waongozaji wachache hulitaja jambo hili wenyewe, basi liulize.

Changling, kaburi la Yongle

Kama una muda wa kaburi moja tu, liwe hili. Wageni wengi hukimbilia Dingling kwa sababu ndilo pekee ambalo vyumba vyake vya chini vimefunguliwa, ilhali Changling ndilo kubwa na kongwe kuliko yote, na ndilo lililobaki karibu kama lilivyojengwa.

Baada ya malango utaliona jumba la Ling'en, ambamo ibada za kumkumbuka mfalme zilifanyika, likiwa juu ya jukwaa la marumaru nyeupe la ngazi tatu. Ingia ndani, usipige picha kwanza, acha macho yazoee giza. Jumba linashikiliwa na nguzo 60 za mti wa nanmu, na zile kubwa za katikati zina kipenyo cha zaidi ya mita moja na kimo cha zaidi ya mita 12, kila moja ikiwa ni shina zima la mti mmoja. Miti hiyo ilikatwa katika misitu ya kusini magharibi mwa China, ikasafirishwa kwa kuelea mitoni na kuvutwa hadi huku. Nguzo hizi hazikupakwa rangi nyekundu kama nguzo za jumba la kifalme la Beijing. Sanamu kubwa ya shaba ya Yongle iliyoketi katikati ni ya siku hizi, na haistahili muda mrefu. Ni mbao zinazostahili.

Nyuma ya jumba kuna mnara wenye bamba la jina la mfalme, na nyuma ya mnara ni kilima cha mviringo kilichozungushiwa ukuta na kuota miti. Chini yake wamelala Yongle, aliyefariki mwaka 1424 akirudi kutoka vitani Mongolia, na mkewe, Malkia Xu, aliyemtangulia. Kaburi halijawahi kufunguliwa. Jambo moja ambalo mwongozaji huenda akaliruka ni kwamba katika enzi za mwanzo za Ming, mfalme alipokufa, baadhi ya masuria wake walilazimishwa kufa pamoja naye, na Yongle hakuwa tofauti. Desturi hiyo ilikomeshwa na kitukuu chake, Zhengtong, katika wasia wake wa mwaka 1464, naye amezikwa katika bonde hili hili.

Mnapotoka, mwongozaji anaweza kuwaambia mpite katika lango dogo, mjikung'ute vumbi, na mseme kwa Kichina kwamba mmerudi, ili roho zenu zisibaki upande wa wafu. Wenyeji hulifanya jambo hili nusu kwa mzaha na nusu kwa dhati. Anayeona kuwa haliendani na imani yake apite kimya, hakuna atakayemkasirikia.

Dingling, na kile kisichokuwepo

Dingling ni kaburi la Wanli, aliyetawala tangu 1572 hadi 1620, muda mrefu kuliko mfalme yeyote wa Ming. Lilijengwa kati ya 1584 na 1590, yeye mwenyewe akiwa kijana. Jumba lake la ibada liliteketea, na leo utaona misingi ya nguzo tu, wakati mnara wake ulinusurika moto kwa sababu umejengwa kwa mawe matupu bila ubao.

Katika miaka ya 1950 mwanahistoria Wu Han, aliyekuwa naibu meya wa Beijing, na mwanazuoni Guo Moruo waliiomba serikali kibali cha kulifukua kaburi la Yongle. Waziri Mkuu Zhou Enlai alikubali, na Dingling likachaguliwa kuwa jaribio kabla ya kugusa lile kubwa. Kazi ilianza mwaka 1956. Wafukuaji walipata jiwe dogo lenye maandishi yaliyoonyesha umbali na kina cha ukuta wa kaburi, alama waliyoiacha wajenzi wenyewe ili waweze kulifungua tena wakati wa mazishi. Milango ya marumaru, ambayo kila ubao wake una uzito wa tani kadhaa, ilikuwa imefungwa kwa nguzo ya jiwe iliyojiegemeza kwa ndani, na ikafunguliwa kwa chuma chembamba kilichopitishwa katika upenyo.

Ndani kulikuwa na taji la mfalme lililosukwa kwa nyuzi za dhahabu, mataji ya malkia yenye lulu na manyoya ya buluu, na hariri nyingi sana. Hariri hizo zilipogusana na hewa zilianza kukauka na kufifia, na wakati huo hapakuwa na ujuzi wa kuziokoa. Majeneza ya asili yalitupwa baada ya kutengenezwa nakala. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu, yaani vijana wafuasi wa Mao, waliitoa mifupa ya Wanli na malkia wake wawili na kuichoma moto hadharani. Wu Han mwenyewe alifariki gerezani mwaka 1969. Kutokana na funzo hilo, serikali iliacha kuruhusu makaburi ya wafalme kufukuliwa kwa hiari.

Kwa hiyo, unaposhuka ngazi nyingi hadi kina cha mita 27, ujue unakwenda kuona mawe: vyumba vitano vya dari ya upinde, viti vitatu vya enzi vya marumaru, mitungi mikubwa ya kaure iliyokuwa na mafuta kwa ajili ya taa isiyopaswa kuzimika, na majeneza mekundu ambayo ni nakala. Simama penye majeneza matatu uulize ni nani yuko kando ya mfalme. Suria ambaye Wanli alimpenda, Bibi Zheng, ambaye mwanawe alimfanya mfalme agombane na maofisa wake miaka mingi hadi akakataa kuonana nao, alizikwa mahali pengine. Aliyeletwa hapa ni yule mama wa mrithi, ambaye mfalme hakumjali, aliyekufa miaka kadhaa kabla yake na kuhamishwa kaburi baada ya mjukuu wake kupata ufalme. Baadhi ya wageni hutupa noti mbele ya viti na majeneza, lakini huna wajibu wa kuwaiga. Chini kuna ubaridi hata Julai, basi uwe na kitu cha kujitanda, na mwenye matatizo ya magoti au pumu amwambie mwongozaji kabla ya kushuka, kwani njia ya kutokea iko upande mwingine na ina ngazi vilevile.

Zhaoling na safari ya kurudi

Zhaoling, kaburi la Longqing, baba yake Wanli, lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na linafaa kwa anayetaka kuona jinsi kaburi la ukubwa wa kati lilivyokuwa likiwa na majumba yake yote. Kwa siku moja ningeliweka la mwisho, na ningeliacha bila majuto kama saa zimekwenda.

Hesabu saa moja kwa njia ya sanamu, saa moja na nusu hadi mbili kwa Changling, na saa moja na nusu kwa Dingling. Kuhama kati ya moja na jingine ni dakika chache kwa gari. Ukiondoka mjini saa moja na nusu asubuhi, utakuwa umemaliza mapema alasiri, kabla ya foleni ya jioni ya kuingia Beijing, ambayo huweza kuongeza saa nzima. Ikiwa mmechelewa, au ikiwa mwongozaji ameanza kuzungumzia rafiki yake mwenye duka la jedi, omba mshushwe katika mojawapo ya vituo vya treni ya mjini vya njia ya Changping. Nauli yake ni ndogo, haina foleni ya barabarani, na matangazo ya vituo husomwa pia kwa Kiingereza.